Kadi ya bima au kangomba? Piga hesabu kabla hujalipa

Msimu wa korosho ukifunguliwa, mwezi wa kumi, kaa kwenye benchi la chama chetu cha msingi huku Newala usikilize. Mabishano ni mawili tu. La kwanza ni makato. La pili huanza mwandikishaji wa bima ya afya anapofika na simu yake mkononi. Mmoja anasema: "Mwaka jana nililipa, nyumba nzima hatukuugua hata mafua. Hela yangu ipo wapi?" Wa pili anasimulia kisa cha shemeji yake aliyefika kwenye kituo cha tiba na kadi, akarudishwa na karatasi akanunue dawa dukani. Wote wanasema kweli. Ila hakuna aliyekaa na kalamu.

Mimi nimekuwa karani wa mizani kwa misimu sita. Mizani inamjua aliyeuguliwa kabla ya jirani zake. Mtu ambaye shamba lake linatoa kilo 400 analeta kilo 90, anaangalia pembeni. Humwulizi. Unajua masika ilipita kwake na ugonjwa, akamwita kangomba. Kwa wasomaji wa mikoa mingine: kangomba ni mnunuzi wa kichochoroni anayenunua korosho nje ya mnada, nyingine zikiwa bado maua mtini, kwa bei ya kutupa. Ni kosa kisheria, na bado yupo, kwa sababu Februari hakuna mnada lakini homa ipo.

Kwa hiyo nikiulizwa kama bima ina thamani ya hela tunayotoa, sianzi na risiti ya hospitali. Ninauliza uliuza korosho kwa bei gani ili uilipe risiti hiyo. Hatua zifuatazo ndizo ninazotumia nyumbani kwangu, na nimewapitisha humo majirani kadhaa. Wengine waliishia kulipa. Wawili hawakulipa, na sikuwalaumu.

Hatua ya 1: Andika mwaka uliopita, kwa mistari miwili

Chukua kauntabuku. Kaa na mwenzako, maana wanaume huwa tunasahau safari za zahanati ambazo hatukwenda sisi. Fungua ujumbe wa miamala kwenye simu; utakukumbusha siku uliyokopa. Kisha andika kila safari ya matibabu ya kaya, lakini gawa gharama sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni ile ambayo bima inaweza kuigusa: kumwona daktari, vipimo, dawa, kulazwa, upasuaji. Sehemu ya pili ni ile ambayo bima haiigusi kabisa: bodaboda, nauli ya basi, chakula cha mgonjwa na muuguzaji, kibarua uliyemlipa apalilie wewe ukiwa wodini.

Kwangu, mwaka mmoja wa kawaida, tulikwenda kutibiwa mara 9, nyingi zikiwa malaria, maana Mtwara ni miongoni mwa mikoa inayosumbuliwa sana nayo. Sehemu ya kwanza ilifika shilingi 118,000. Ya pili 97,000. Ile 97,000 ndiyo iliyonifungua macho. Anayekuambia ukiwa na kadi hutatoa hata senti anakudanganya, hata kama hakukusudia. Ukikaa Kitangari na mgonjwa akapewa rufaa hadi hospitali ya Ligula mjini Mtwara, kadi haipandi basi.

Kuna jambo moja la nauli ambalo halihusu bima na watu wengi hawalijui: mjamzito au aliyejifungua akipata dharura, au mtoto mchanga, piga 115 bure. Huo ni mfumo wa m-mama, unaowaita madereva wa kijamii na magari ya wagonjwa. Iandike namba hiyo ukutani sasa hivi, tutaendelea.

Hatua ya 2: Ondoa kilicho bure tayari

Usihesabu kama faida ya bima kitu ambacho Serikali ilishakiondolea malipo. Kwa sera ya afya, kwenye vituo vya umma, watoto chini ya miaka 5, wajawazito, na wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo, wana msamaha. Dawa za kifua kikuu, ukoma na za kufubaza virusi vya UKIMWI hutolewa bila malipo. Uzazi wa mpango pia. Na zile dawa za kingatiba za matende na mabusha ambazo huku pwani ya kusini tumemeza miaka nenda rudi, hulipi.

Najua utakachosema: msamaha upo kwenye ubao, dawa haipo kwenye rafu. Ni kweli, na tutafika huko. Lakini kama kaya yako ni wewe, mkeo mwenye mimba na watoto wawili wa miaka 2 na 4, sehemu kubwa ya nyumba yako imeshasamehewa. Hesabu yako itatofautiana sana na ya mtu mwenye watoto wanne wa shule ya msingi na mama mkwe mwenye presha.

Kwenye ile 118,000 yangu, 40,000 zilikuwa za mtoto wa miaka 3. Nyingi nilizitoa duka la dawa kwa kukwepa foleni. Hizo nilizifuta. Zikabaki 78,000.

Hatua ya 3: Nenda dirisha la dawa kabla hujaenda kwa mwandikishaji

Watu hununua bima kwa kusoma karatasi ya mafao. Karatasi imeandikwa vizuri siku zote. Mimi ninakushauri uende kwenye kituo unachokitumia kweli, siku ya Jumatatu, siku ya foleni ndefu, ukae nusu saa. Waulize wanaotoka dirishani: "Umepata zote?" Hakuna utafiti mzuri kuliko huo. Waulize angalau watu kumi, hesabu wangapi walipata dawa zote walizoandikiwa na wangapi waliambiwa wakanunue nje.

Nilipofanya hivyo kwenye kituo chetu, katika kumi, watano walipata zote. Sitakitaja kituo, maana miezi mitatu baadaye mzigo wa dawa uliingia na hali ikawa nyingine. Hilo lenyewe ni somo: pima zaidi ya mara moja. Lakini ile nusu nimeiweka kwenye daftari. Kadi inayokupa nusu ya dawa ina thamani ya nusu kwa magonjwa ya kila siku. Ile 78,000 ikawa 39,000.

Kama unaye mgonjwa wa kudumu, taja dawa yake kwa jina. Usiulize "dawa za presha mnazo?" Uliza amlodipini ipo, losatani ipo, au kama ni sukari, metformini ipo, na kama mwezi uliopita ilikuwepo. Dawa ya presha inayopatikana mwezi mmoja na kukosekana miwili, mgonjwa atainunua nje ile miezi miwili, au hatainunua, jambo ambalo ni baya zaidi.

Halafu panda ngazi ya juu. Jiulize, nikizidiwa kweli, huwa tunakimbilia wapi? Huku kwetu majibu hayafanani. Wa Masasi atasema Mkomaindo, au atapita barabara kuu hadi Ndanda kwa Wabenedikto. Wa Mtama atasema Nyangao. Wa Lindi mjini, Sokoine. Wa Mtwara, Ligula, na tangu Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini ianze kazi pale Mitengo, wapo wagonjwa ambao zamani wangekwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, na sasa wanaishia hapohapo. Hospitali za misheni na za binafsi huingia mkataba na mfuko mmoja na kuacha mwingine. Kwa hiyo nenda mapokezi ukaulize: "Kadi hii mnaipokea? Kwa wodi na upasuaji, au kliniki tu?" Sehemu ya pili ya swali ndiyo yenye maana.

Hatua ya 4: Jua ni kadi gani unayouziwa

Hapa nitapita haraka, kwa sababu bei na majina ya vifurushi hubadilika, na mwandikishaji ana karatasi ya leo.

Mtumishi wa umma hana haja ya kujiuliza alipe au asilipe, anakatwa. Mchango wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ni asilimia 6 ya mshahara: 3 za mtumishi, 3 za mwajiri. Mwalimu wa mshahara wa 800,000 anatoa 24,000 kwa mwezi, 288,000 kwa mwaka, na mwajiri anaweka kiasi hichohicho. Kadi inamchukua yeye, mwenza na wategemezi wanne. Nimekutana na walimu waliokatwa miaka 10 bila kumwandikisha hata mtoto mmoja, eti hawajapata muda wa kupeleka vyeti vya kuzaliwa. Mwalimu, hiyo hesabu haihitaji daftari. Peleka vyeti.

Mkulima na mvuvi walizoea Mfuko wa Afya ya Jamii, CHF, ulioanza kwa majaribio Igunga mwaka 1996 na kupewa sheria mwaka 2001. Ule ulioboreshwa, wa kuanzia 2018, ulikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi 6 kwa mwaka, na Serikali ikiongeza fungu lake, ile iliyoitwa tele kwa tele. Kwa bei hiyo, mabishano yote ya benchini yalihusu dawa tu, si hela.

Sasa hali imebadilika. Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Inataka kila mkazi awe na bima, inaitambua kaya ya watu 6 kama kipimo cha uchangiaji, na imeweka mfuko wa kuwabeba wasio na uwezo. Kama kaya yako iko kwenye mpango wa TASAF au unaamini huna uwezo, usianze kukopa. Anza ofisi ya mtendaji wa kijiji ukaulize utaratibu wa kutambuliwa. Kama una uwezo, muulize mwandikishaji mambo manne na umwombe ayaandike: kiwango cha mwaka huu kwa kaya, ngazi ya juu kabisa ya hospitali ambayo kadi inafika, huduma ambazo hazimo, na siku ngapi za kusubiri kabla kadi haijaanza kufanya kazi. Vifurushi vya hiari na vya kampuni binafsi mara nyingi huwa na kipindi cha kusubiri, hasa kwa uzazi na upasuaji. Usinunue mimba ikiwa ya miezi saba ukategemea kadi ilipe wodi.

Na nisingependa uone kipindi hicho kama hila. Bima ya watoto ya Toto Afya, iliyokuwa 50,400 kwa mtoto, ilisitishwa kwa wanaojisajili mmojammoja mwaka 2023 baada ya NHIF kulalamika kwamba matumizi yalizidi michango mara kadhaa. Wazazi wengi walikuwa wanamwandikisha mtoto akiwa ameshaugua. Hapo unaona tofauti ya bima na upatu. Kwenye upatu zamu yako itafika, hata iwe ya mwisho. Kwenye bima, wengi wetu tunatakiwa tusifikiwe na zamu ili wachache walipiwe. Yule wa benchini anayeuliza hela yake ipo wapi, hela yake iko kwenye mshono wa tumbo la mtu wa Nanyumbu.

Hatua ya 5: Hesabu ya kangomba

Hii ndiyo hatua yenyewe. Usiiruke.

Miaka michache nyuma niliiacha kadi ikafa. Nilikuwa nimelipa misimu mitatu mfululizo bila kulazwa mtu, nikasema hela hiyo nitanunulia bati. Ilikwisha Novemba. Februari kijana wangu akashikwa na kidole tumbo. Hospitali walifanya kazi yao vizuri, sina neno nao. Upasuaji, kulazwa na dawa ilikuwa 300,000. Nauli na chakula chetu, 60,000. Jumla 360,000, na ndani ya nyumba palikuwa na 25,000 pamoja na mbuzi mmoja wa ndugu yangu.

Nilimwita kangomba. Mimi, karani wa mizani. Tulipatana 1,500 kwa kilo, kwa hiyo ile 360,000 ikawa kilo 240 za korosho ambazo hazijazaliwa. Msimu ulipofika, baada ya makato, mwenzangu wa jirani alipata 3,000 mkononi kwa kilo. Mzidishie mwenyewe: 240 mara 3,000 ni 720,000. Ugonjwa wa 360,000 umenigharimu 720,000.

Sasa weka kadi hai kwenye picha hiyo. Tuchukulie ingelipa ile 300,000 ya hospitali yote. Ningebaki na 60,000 za nauli na chakula, ambazo ni kilo 40 kwa bei ya kangomba, yaani korosho za 120,000 mnadani. Tofauti kati ya 720,000 na 120,000 ni 600,000. Hiyo ndiyo thamani ya kadi kwa tukio lile moja, na si 300,000 iliyoandikwa kwenye risiti.

Tukio kama hilo huja mara ngapi? Usikisie. Hesabu kulazwa na upasuaji wote katika kaya yako kwa miaka 10 iliyopita: ngiri, kujifungua kwa upasuaji, kuanguka kwenye mwembe, ajali ya bodaboda. Kwangu ilikuwa mara moja. Basi 600,000 gawa kwa 10, ni 60,000 kwa mwaka. Ongeza zile 39,000 za magonjwa ya kila siku. Jumla 99,000.

Kwa kaya yangu ya wakati ule, kadi ilikuwa na thamani ya 99,000 kwa mwaka. Kadi ya 30,000, yaani kilo 10 za korosho, haikuwa na mjadala. Ukiniletea kadi ya 150,000, yaani kilo 50, hesabu inasema natoa zaidi kuliko ninachorudishiwa. Na hapo mtu mwenye akiba ya 500,000 benki, asiyeigusa, kijana, mzima, anayekaa Mtwara mjini umbali wa kutembea hadi hospitali, anaweza kuniambia hataki, nami nikamwelewa. Yeye hamhitaji kangomba. Ndiye kangomba wake mwenyewe, tena asiye na riba. Wale wawili niliowataja mwanzo walikuwa wa namna hiyo. Mmoja ni fundi wa friji, wa pili ana daladala.

Lakini mimi bado nalipa, hata kwa kiwango kinachozidi 99,000, na sababu yake haikuwa kwenye daftari langu la kwanza. Mwaka ule niliomwita kangomba sikupata hela ya kupulizia mikorosho. Hata pale salfa ya ruzuku inapogawiwa, bomba linataka petroli, na anayelibeba anataka ujira. Nilipuliza mara moja badala ya kurudia inavyotakiwa. Ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ukakaa kwenye maua. Mavuno yakashuka karibu theluthi. Kidole tumbo cha Februari kilinifuata hadi Novemba. Kwa anayeishi kwa zao moja linalolipa mara moja kwa mwaka, wastani wa miaka 10 hausaidii kitu kama mwaka wa pili umeshakuangusha.

Kama nyumbani kuna mgonjwa wa kudumu, hesabu inageuka kabisa, na upesi. Mama mkwe alipohamia kwetu na presha na sukari, dawa na vipimo vyake vilikuwa kama 25,000 kwa mwezi. Hiyo ni 300,000 kwa mwaka; hata dirisha likitoa nusu tu, ni 150,000. Hapo swali si tena kama kadi inalipa. Ni kama jina lake litaingia.

Hatua ya 6: Nani anaingia kwenye majina sita

Sheria inahesabu kaya: mchangiaji, mwenza, wategemezi. Sisi Wamakonde, kama Wamwera, Wayao na Wamakua, tunahesabu kwa upande wa mama. Mimi ni mjomba. Ndani ya nyumba yangu wanalala watoto wangu watatu na wapwa wawili, na kwa desturi wale wapwa ni wangu kuliko unavyofikiri. Mwandikishaji hana kisanduku cha mpwa.

Fanya hivi. Kusanya vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote kwanza. Walio chini ya miaka 5 husajiliwa bila ada kwenye vituo vya tiba na ofisi za kata. Tafuta namba ya NIDA ya kila mtu mzima. Kwa mtoto unayemlea ambaye si wa kumzaa, muulize mwandikishaji wazi ni karatasi gani itamfanya awe mtegemezi halali, kisha ukaitafute kwa mtendaji au ustawi wa jamii. Usimwandike kwa jina la mwanao aliyeko Dar es Salaam. Najua watu wanafanya. Siku ya picha na ya kutaja tarehe ya kuzaliwa mbele ya muuguzi, mtoto mwenyewe ataharibu.

Kama majina ni zaidi ya sita, usiwaweke wale unaowapenda zaidi. Waweke wanaougua zaidi na wasio na msamaha. Kitinda mimba wa miaka 2 anaweza kusubiri nje ya kadi. Bibi mwenye sukari hawezi. Kikao hicho ni kigumu, nakuonya. Kwetu kilichukua jioni mbili, na dada yangu hakuongea nami hadi siku ya pili mchana. Mwishowe yeye akalipia kaya yake, tukagawana wazee.

Hatua ya 7: Lipa fedha ikiwa bado benki

Malipo ya mnada huingia kwenye akaunti. Kuanzia hapo una kama siku tano kabla hela haijaanza kuwa na wenyewe: deni la dukani, ada, unyago wa mtoto wa dada, kitenge. Bima iwe ndani ya siku hizo tano. Mimi hulipa kwa fedha ya mnada wa pili, maana ya kwanza ina wadai wake.

Lipa kwa namba ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba, usimkabidhi mtu noti mkononi hata akiwa shemeji yako. Subiri ujumbe wa kuthibitisha. Hakikisha majina yote sita yanaonekana na herufi ziko sawa na za kwenye vitambulisho. Kosa la herufi moja dirishani ni safari nzima ya bure. Piga picha ya kadi au namba yake uiweke kwenye simu mbili. Anayeuguliwa saa nane usiku hatafuti kadi kwenye sanduku.

Wenye ufuta wana nafasi nyingine, mwezi wa sita na wa saba. Kama huna korosho bali ufuta, hesabu ni ileile. Kwa mvuvi wa Kilwa au Msimbati, anayepata kidogokidogo, weka kiasi kila bamvua kwenye kibubu cha simu hadi kitimie.

Hatua ya 8: Itumie inavyotakiwa

Kadi nyingi hufa kwa kurukwa ngazi. Utaratibu unaanza zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, kisha ya rufaa ya mkoa, na juu ya hapo kanda na taifa. Ukiruka bila barua ya rufaa, usishangae ukiambiwa ulipe taslimu. Dharura ya kweli ni jambo lingine; peleka mgonjwa kwanza, karatasi baadaye, lakini ndugu mmoja ashughulikie karatasi hizo siku hiyohiyo.

Ukiambiwa dawa hakuna, usiondoke kimya. Uliza kama kadi yako ina fomu ya kuchukulia dawa kwenye duka lenye mkataba. Kwa NHIF utaratibu huo upo. Ukiambiwa haipo, omba iandikwe kwenye karatasi ya dawa kwamba imekosekana, weka tarehe. Karatasi tano za namna hiyo mezani kwa mganga mfawidhi, au kwa kamati ya afya ya kituo ambayo ina wajumbe kutoka vijijini mwetu, zina uzito kuliko malalamiko ya mwaka mzima benchini. Malalamiko dhidi ya kampuni ya bima unaweza kuyapeleka kwa TIRA, mamlaka inayosimamia bima.

Kila mwanzo wa mwaka uliza tena kama hospitali yako bado imo kwenye mkataba. Machi 2024 baadhi ya hospitali binafsi nchini zilisitisha kuwahudumia wenye kadi za NHIF kwa kutokubaliana na kitita kipya cha bei, na wapo waliogundua wakiwa mapokezi na mgonjwa begani.

Tarehe ya kuisha kadi usiiamini kichwani. Nilishaiamini, mnajua yaliyonipata. Sasa nimeiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo, juu ya mifuko ya salfa, mahali ambapo mke wangu anaiona kila anapofuata jembe, naye hana aibu ya kunikumbusha mbele za watu.